Ekseli Mpya za BMX: Ipi Uichukue, Ipi Uiache, Ukiwa Kigoma

Kijana anayetafuta BMX ya mtumba mjini Kigoma na mzee anayeshusha madumu ya mawese kutoka Mwandiga kwa baiskeli ya Phoenix wana swali moja, hata kama hawajawahi kukaa benchi moja kwa fundi: ekseli gani itanifikisha na kunirudisha? Siku hizi swali hilo limepata uzito mpya. Kwenye mashindano ya BMX ekseli ya zamani inaachwa taratibu, na inakuja nyingine nene, yenye uwazi ndani, inayopenya matundu ya fremu upande hadi upande. Baiskeli za nje zikichakaa huko huingia kwenye makontena ya mtumba, na mtumba ukishafika Dar es Salaam, reli na mabasi huuleta mpaka ziwani. Basi ujue mapema ukikutana nayo utaitazamaje. Na kama wewe ni mtu wa mzigo, ujue kipi cha kuiga na kipi cha kuwaachia wenye mbio.

Msimamo wangu nausema tangu sasa. Ekseli mpya ya mbele imeshashika na haitarudi nyuma. Ya nyuma itachelewa, kwa sababu nitakazoeleza. Na kwa watu wa Kigoma na Ujiji, kitu cha thamani zaidi ndani ya magurudumu hayo mapya ni beringi.

Tuanze na iliyopo. Ukifungua gurudumu la nyuma la Phoenix ya Shanghai, la Hero au Avon za Ludhiana kule India, au la Raleigh ya zamani ya Nottingham ambayo babu aliiacha, utakuta jambo lile lile: fimbo ya chuma isiyo na tundu, unene wake kama milimita 9.5 au 10, imechongwa nyuzi. Juu yake zimefungwa koni mbili, kila koni inakandamiza goroli ndani ya kikombe cha habu, na nje kuna nati mbili zinazobana masikio ya fremu. Goroli za nyuma kwa kawaida ni za robo inchi, tisa kila upande. Za mbele ni ndogo zaidi na ekseli yake ni nyembamba zaidi. Mpangilio huu umedumu vizazi vingi kwa sababu kila kipande kinatoka peke yake. Goroli ikipasuka unabadili goroli, koni ikichimbika unabadili koni, na fundi wa chini ya mwembe anaimaliza kazi kwa spana mbili.

BMX ilianza California mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto wakiigiza mbio za pikipiki za vumbi kwa baiskeli zao za magurudumu ya inchi 20. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, liliupokea mchezo huo mwaka 1993, na Beijing 2008 ukaingia Olimpiki. Waendeshaji wanane wanaachiwa getini kwa pamoja, wanashuka mlima wa kuanzia, wanaruka matuta, wanalala kwenye kona, na mbio yote haifiki dakika moja. Ndani ya sekunde hizo ekseli inapigwa kwa namna mbili. Kwanza ni kukanyaga kwa nguvu zote pale getini, ambako kunataka kulivuta gurudumu la nyuma mbele upande wa cheni. Pili ni kutua kutoka hewani.

Jibu la kwanza lilikuwa unene. Wale wanaocheza kwa kuruka na kusugua ekseli kwenye vyuma walihamia ekseli ya nyuma ya milimita 14. Hesabu yake inafaa uijue, maana itakusaidia hata kwenye mzigo: nguvu ya fimbo ya chuma kuhimili kupindwa huongezeka kwa unene ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kutoka 10 hadi 14 nguvu inakaribia mara mbili na robo tatu, huku uzito ukikaribia kuwa mara mbili tu. Wenye mbio hawakutaka hata uzito huo. Wao walibaki na 10 kwa miaka mingi, mpaka lilipokuja wazo la kutumia bomba badala ya fimbo. Bomba la milimita 20 la aluminiamu linapita katika foko ya mbele, ni jepesi, na foko haipindiki mwendeshaji anapotua upande. Kwa nyuma, baadhi ya fremu za kaboni zimechukua ekseli ya kupenya ya milimita 15. Kaboni haipendi kung'atwa na nati yenye meno, na tundu lililofungwa pande zote haliiruhusu ekseli iteleze mwendeshaji akikanyaga.

Fundi yeyote wa bodaboda pale Mwanga akionyeshwa gurudumu hilo atalitambua papo hapo. Pikipiki zote zinazopanda na kushuka mji huu zina ekseli ya kupenya: unatoa nati upande mmoja, unaigonga kidogo, unaichomoa yote upande wa pili, gurudumu linadondoka mkononi. Foko za baiskeli za kushuka milima, ambazo ndizo zilizozoeza watu milimita 20 kabla ya BMX, ziliiga pikipiki waziwazi. Kwa hiyo usimkubali mtu anayekutisha kwamba ni teknolojia ambayo hapa hakuna mwenye akili nayo. Akili ipo barabarani kila siku. Kinachoweza kukosekana ni kipuri cha saizi ile.

Hapo ndipo swali la nyuma linapokuwa gumu. BMX haina gia za kubadilisha. Cheni ni moja, meno ya mbele ni yale yale, na cheni ikirefuka kwa kuchakaa njia ya kuikaza ni kulisogeza gurudumu nyuma ndani ya mpasuo wa fremu. Mwendeshaji wa mbio hubadilisha meno kulingana na uwanja, na kila akibadilisha gurudumu lazima lisogee. Phoenix ya mawese ina shida hiyo hiyo: cheni inalegea, fundi analegeza nati, anavuta gurudumu, anakaza. Ukishaweka tundu la duara lililofungwa, kusogea kumekwisha. Pikipiki iliyatatua haya zamani kwa mpasuo mrefu na ajasta zenye skrubu nyuma yake, na watengenezaji wa BMX wamelazimika kufuata njia hiyo kwa kuweka masikio yanayoteleza, ambayo yanaongeza skrubu, uzito na bei. Ndiyo maana mbele imeenda haraka na nyuma inasuasua. Ukikuta BMX ya mtumba yenye ekseli ya kupenya nyuma, swali lako la kwanza liwe hili: cheni yake inakazwa wapi? Kama huoni ajasta wala mpasuo, na kipande cha kuteleza kimepotea au kimeliwa nyuzi, iache hata kama rangi inang'aa.

Sasa njoo kwenye ununuzi wenyewe. Nenda na spana namba 15 na 17, na kitambaa. Namba 15 ndiyo inayofungua nati nyingi za ekseli ya 10, na 17 ndiyo ya ekseli ya 14. Ukikuta nyuma inafunguka kwa 17, tazama mpasuo wa fremu kwa makini. Fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya 14 ina masikio manene na mpasuo laini wenye kingo zilizonyooka. Ukiona alama za tupa, ujue mtu amechukua fremu ya 10 akaipanua ili gurudumu la 14 liingie. Chuma kilichobaki pembeni ya mpasuo hakitoshi, na siku sikio litakapokatika utakuwa katikati ya mteremko. Hii ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Kinyume chake hakina ubaya: gurudumu la 10 linaweza kukaa katika mpasuo wa 14 likiwekewa vipande maalumu vya kujaza nafasi, mradi visiwe washa za kubahatisha zinazocheza.

Inua baiskeli, shika tairi juu, sukuma kushoto na kulia. Likicheza, inaweza kuwa koni tu zimelegea, na hilo fundi analimaliza kwa muda mfupi. Lakini zungusha gurudumu polepole ukiwa umeshika fremu kwa mkono mwingine. Ukisikia mkwaruzo unaorudi mahali pale pale, kikombe au koni imechimbika. Kisha omba ekseli itolewe. Muuzaji akikataa, shusha bei kana kwamba ekseli imekufa, maana pengine imekufa kweli. Ikishatoka, iviringishe juu ya kioo cha meza au kipande cha vigae. Iliyonyooka inateleza kimya. Iliyopinda inagonga kwa kila mzunguko, na hata ikinyooshwa kwa nyundo itapinda tena pale pale.

Na kama una ekseli iliyokwisha kukatika, usiitupe kabla hujaisoma. Geuza uso wa mkato kwenye mwanga wa jua. Utaona sehemu mbili: moja laini na nyeusi, mara nyingi na kutu au grisi kuukuu, nyingine inayong'aa yenye chembe kama sukari. Ile nyeusi ni ufa uliokuwa unakua kwa wiki au miezi, na maji yakiingia humo. Ile inayong'aa ndiyo iliyokuwa imebaki kushikilia mzigo mpaka siku ya mwisho. Sehemu nyeusi ikiwa ndogo na inayong'aa ikiwa kubwa, mzigo wako ulikuwa mkubwa mno kwa fimbo ile, au ulipiga shimo baya. Nyeusi ikiwa kubwa, ekseli ilikuwa inakufa siku nyingi, na ukaguzi wa mara kwa mara ungeiona kabla. Mkato wenyewe karibu kila mara uko upande wa cheni, jirani na koni, chini ya mfereji wa uzi.

Upande wa cheni una sababu yake, na hapa nitakaa kidogo kwa faida ya wanaobeba kwa baiskeli za milimani za mtumba. Kwenye habu ya friwili yenye gia sita au saba, friwili inachukua nafasi yote ya nje, kwa hiyo koni na goroli za upande ule zimesukumwa ndani kuelekea katikati ya gurudumu. Kati ya goroli na sikio la fremu kunabaki kipande kirefu cha ekseli kinachoning'inia bila kushikwa, karibu upana wa vidole viwili. Hapo ndipo madumu mawili ya lita 20, ambayo ni karibu kilo 40, yanapofanya kazi yao kwa kila shimo la barabara. Shimano ya Japani iliondoa tatizo hilo mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kuunganisha sehemu ya friwili na habu, goroli zikahamia nje karibu na sikio. Kuzitofautisha dukani ni rahisi. Zungusha meno kinyumenyume ukikodolea chuma kilicho katikati yake, karibu na ekseli, chenye mifereji ya kutilia kifunguo. Kikizunguka pamoja na meno, ni habu ya kisasa, chukua. Kikitulia meno yakizunguka, ni friwili ya zamani, na kwa mzigo mkubwa itakutesa.

Baiskeli hizo nyingi pia zina kifungio cha haraka, ule mkono wa kupindua badala ya nati. Ulibuniwa na Tullio Campagnolo wa Italia, aliyekuwa mwendesha mbio, ukasajiliwa mwaka 1930 ili watu wabadili gurudumu upesi mashindanoni. Kwa mbio ni kitu chema. Kwa mawese si chema, kwa sababu ekseli yake imetobolewa katikati na mkono wenyewe unamkaribisha mwizi. Unaweza kuibadili bila kubadili gurudumu. Ekseli ya nyuma ya namna hiyo kwa kawaida ina unene wa milimita 10 na hatua ya uzi ya milimita 1, na koni zake zinaingia vizuri kwenye fimbo isiyotobolewa ya saizi ileile. Hakikisha tu fimbo mpya ni ndefu kuliko ya zamani, maana ya zamani iliishia ndani ya masikio na hii lazima itokeze nje ibebe nati na washa. Kwa habu ya upana wa milimita 135, fimbo ya kama milimita 175 hadi 180 inatosha.

Angalia nyuzi pia. Ekseli za mtindo wa Kiingereza ni za inchi, tatu ya nane kwa unene na nyuzi 26 kwa kila inchi. Nyingine ni za milimita 10 kwa hatua ya milimita 1. Zinafanana machoni mpaka zikudanganye. Nati ya milimita 10 inaingia kwenye ekseli ya inchi, inazunguka vizuri, hata inaonekana kukaza, lakini imeshika ncha za uzi tu. Ukiweka mzigo inaruka. Kipimo cha uhakika ni mkono: nati sahihi inaingia bila kutikisika pembeni. Ikitikisika kama pete kubwa kwa kidole chembamba, irudishe kwenye kopo. Na kama unanunua ekseli mpya, pitisha tupa ndogo kwenye ncha yake. Chuma kilichopikwa vizuri tupa inateleza juu yake. Chuma laini kinakatika na kuacha unga, na hicho kitapinda kabla ya mvua kuisha.

Kuhusu beringi. Magurudumu mengi ya BMX ya sasa hayana koni wala goroli za kupanga kwa vidole. Yana beringi zilizofungwa, zenye mpira pande zote mbili. Kwa mtu anayeshinda mwalo wa Kibirizi au Katonga, ambako baiskeli inasukumwa kwenye mchanga mpaka kwenye ukingo wa maji kupokea dagaa na migebuka, hii ni nafuu kubwa. Habu ya koni inaingiwa na mchanga laini, grisi inageuka kuwa tope la kusagia, na goroli zinakula kikombe ambacho ni sehemu ya habu yenyewe, hakibadiliki kirahisi. Anayebeba chumvi ya Uvinza analijua hilo zaidi. Beringi iliyofungwa ikichoka unaing'oa yote na kutia mpya, habu inabaki nzima.

Uzuri wake mkubwa kwetu ni namba. Beringi imeandikwa usoni saizi yake kwa mfumo wa dunia nzima, bila kujali baiskeli ilitengenezwa wapi. 6000 ina tundu la milimita 10, 6001 ina la 12, 6202 ina la 15, 6804 ina la 20. Nyingine kati ya hizo zinatumika pia kwenye pikipiki, pampu na mashine za kusaga, kwa hiyo duka la vipuri vya bodaboda linaweza kukuokoa pale ambapo duka la baiskeli halina kitu. Kabla hujalipa BMX yenye ekseli ya kupenya, futa uso wa beringi kwa kitambaa, soma namba, kisha tembea mpaka duka la vipuri ukaulize. Ikiwepo, umeshajua kwamba gurudumu hilo lina maisha hapa. Ikiwa ni beringi nyembamba ya namba ngeni, ambayo hata duka la pikipiki halijawahi kuiona, gurudumu hilo litakusubirisha mzigo kutoka Dar.

Wakati wa kuibadili, simamia kazi. Beringi mpya inagongwa kwenye pete ya nje tu, kwa kipande cha bomba au soketi yenye upana sawa na pete hiyo. Ukigonga pete ya ndani, nguvu inapita kwenye goroli, na beringi inaingia ikiwa imeshaumia. Fundi mwenye haraka hulisahau hili, mkumbushe kwa adabu.

Na umuulize swali hili kabla hajafunga chochote: "Mzee, hii ikikatika nikiwa Kasulu, nitapata wapi nyingine?" Fundi mkweli atakujibu papo hapo, na jibu lake lina uzito kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye fremu. Wahandisi wa Buffalo, baiskeli ya mzigo, wamejiuliza swali hilo kwa niaba ya Afrika nzima. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lina uhusiano wa karibu na kampuni ya SRAM ya Marekani inayotengeneza vipuri vya mashindano, na lingeweza kuweka ekseli yoyote ya kisasa kwenye baiskeli hiyo ambayo imeenea Kenya, Zambia na Malawi. Liliweka fimbo nzito na nati, kerea ya kubeba kilo 100, na likahangaika zaidi na kuwafundisha mafundi na kusambaza vipuri. Naona walipatia. Kwa mzigo wa kijijini ningefuata njia hiyo: fimbo nzima ya chuma kilichopikwa, nati za spana 15, washa yenye meno upande unaogusa fremu, na, ukibahatika, habu yenye beringi za namba ya kawaida.

Kwa kijana wa BMX ushauri ni tofauti kidogo. Mbele ukipata foko ya milimita 20 pamoja na gurudumu lake, vyote viwili na ekseli yake ya asili, chukua bila wasiwasi mradi beringi inapatikana. Usinunue foko peke yake ukitegemea gurudumu utalipata baadaye. Nyuma baki na 10 au 14 yenye mpasuo na nati. Ukishindana, utabadilisha meno na kusogeza gurudumu kwa urahisi. Ukiruka tu uwanjani jioni, 14 itakuvumilia unapojifunza kutua.

Ufungaji nao una utaratibu. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za ekseli, siyo kwenye uso wa washa unaobana fremu. Kaza koni mpaka gurudumu lisicheze, kisha ilegeze nywele moja, maana nati za nje zikikazwa zitaisukuma ndani. Vuta gurudumu nyuma mpaka cheni icheze kama nusu inchi katikati, linyooshe kati ya mabomba ya fremu, kaza upande wa cheni kwanza, kisha wa pili, halafu rudia pande zote kwa spana ndefu. Kama masikio ya fremu hayatazamani sawa, nati itakaa kwa ukingo mmoja na kuipinda ekseli hata kabla ya mzigo. Yanyooshe kwanza.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo kaza tena, kwa sababu washa mpya huzama kidogo kwenye rangi ya fremu na nati hulegea. Kisha ekseli ya akiba, ikiwa na koni zake zinazolingana na kipisi cha tambara lenye grisi, ifunge kwenye mfuko wa nailoni chini ya tandiko. Habu ya koni haihitaji zaidi ya hapo na spana zako mbili, hata ukikwama usiku kati ya Mwandiga na Kasulu.